Waya au Nailoni

Tela la baba lilikuwa limesimama uani tangu alipoanza kuumwa. Jua liliyapasua matairi yake upande mmoja, ule unaotazama magharibi, mpaka nyufa zikawa pana kiasi cha mdogo wangu wa mwisho kuficha humo mbegu za alizeti alizokuwa akichezea. Kuku walitaga chini yake. Mama alipokuwa hai alisema tuliuze, kesho yake akasema tusiliuze, na mwishoni akawa hasemi kitu. Alipomfuata baba, tela likawa ndicho kitu pekee tulichobaki nacho ambacho mtu mwingine angeweza kukihitaji.

Kwetu, upande huu wa Kinampanda, mtu anaweza kuwa na tela bila kuwa na trekta. Watu hucheka, wanasema ni sawa na kuwa na tandiko bila punda, lakini baba alituvisha na kutusomesha hivyo hivyo. Alizeti ikishavunwa, trekta huja kutoka mbali na dereva wake, mwenye tela analifunga nyuma, na wote wawili wanagawana nauli ya kupeleka magunia ya wanakijiji kwenye mashine za kukamua kule Iguguno. Msimu ni mfupi. Trekta likiondoka, limeondoka.

Siku ya kuondoa matanga ya mama, wakubwa walikaa kwenye viti tulivyoazima kanisani, na sisi watatu tukakaa chini kwenye mkeka. Mimi nilikuwa nimeshaacha shule, kidato cha pili, tangu mama alipolala kitandani asiweze kuamka. Mdogo wangu anayenifuata alikuwa darasa la sita. Wa mwisho alikuwa bado anahesabu kwa vidole. Mjomba ndiye aliyesema, kwa kuwa kwetu Wanyiramba mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake. Alisema yule mdogo kabisa atakwenda kwake. Huyu wa darasa la sita atakwenda kwa shangazi, Sekenke, ambako shangazi anawapikia wachimbaji wadogo wa dhahabu.

"Na shule?" nikauliza.

"Shule zipo kila mahali," shangazi akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na mikono iliyoungua mafuta mpaka kwenye viwiko, na nilijua anahitaji mtu wa kumsaidia kuanzia alfajiri. Nilijua pia wasichana wanaogawa chakula kule kwenye mashimo huwa hawachukui muda mrefu kabla ya kuacha madaftari.

Nikawaambia tutabaki hapa wote watatu. Nitalirudisha tela barabarani.

Mjomba akageuka akalitazama tela, kuku mmoja akiwa amelala chini ya ekseli. "Lirudishwe na nani?"

"Na mimi."

"Watoto hawagawiwi kama mbuzi," akasema, "lakini hawaachwi porini kama mbuzi pia. Nakupa mpaka alizeti iwe inakwenda mashineni. Tutakuja, tuone mnakula nini. Kama hakuna kitu, kila mmoja anabeba kifurushi chake."

Hakuna aliyenipigia makofi. Shangazi alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa akisema kesho atakwenda shamba.

Nikauza mbuzi wa mama. Dereva alipokuja na trekta msimu ulipoanza, mtu wa kutoka Manyoni, mrefu, mwenye mdomo usiochoka, nikamwomba anipeleke Iguguno kutafuta matairi. Alikubali kwa sababu tela la jirani tulilokuwa tukishindana nalo lilikuwa limeshafungwa nyuma ya trekta jingine, na bila mimi angerudi Manyoni mikono mitupu.

Fundi wa matairi pale barabarani alikuwa na jozi mbili zinazoingia kwenye rimu zetu. Zote zilikuwa zimetumika, na bei yake ilikuwa moja. Heri mojawapo ingekuwa ghali, nisingekuwa na la kuchagua.

Jozi ya kwanza ilikuwa ya waya. Tairi la waya lina nyaya nyembamba za chuma ndani, zimepita moja kwa moja kutoka mdomo hadi mdomo, na ubavu wake ni laini, ukiubonyeza unabonyea. Hili lilikuwa na meno bado, jeusi, zuri, limetoka kwenye basi dogo. Jozi ya pili ilikuwa ya nailoni, yaani nyuzi za nailoni zilizopishana tabaka juu ya tabaka kama mkeka ulioshonwa juu ya mkeka. Lilikuwa karibu kipara. Ubavu wake mgumu, mnene, ukiupiga kwa ngumi unaumiza ngumi.

"Waya," dereva akasema hata kabla sijainama. "Hapa hakuna mjadala. Tukifika lami nakanyaga. Nailoni kwenye lami linachemka kama uji. Linachemka, linavimba, linapasuka, na mimi nimekaa mbele yake."

Fundi akanigeukia mimi. "Unabeba nini, dada?"

"Alizeti. Magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita mdomo."

"Lumbesa imepanda juu, basi. Waya litakuchezea. Ubavu wake laini, mzigo ukiwa mrefu tela linayumba huku na huku kama mlevi. Lakini kwenye lami, kweli, halichemki haraka."

"Umesikia?" dereva akasema. "Halichemki."

"Nimesema pia litayumba."

"Kuyumba sijawahi kuona kumeua mtu."

"Wewe umeona wangapi?"

Waliendelea hivyo. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kati ya jozi mbili, mkono mmoja kwenye hili, mkono mwingine kwenye lile, na nilihisi kama naulizwa ni mdogo wangu yupi aende. Nikikosea hapa hakutakuwa na mbuzi mwingine wa kuuza. Nilitaka baba aje asimame nyuma yangu aseme neno moja tu. Yeye alitumia nailoni, hilo nililijua, lakini wakati wake njia ya kwenda Iguguno ilikuwa vumbi kwa sehemu kubwa, na trekta alilofungia lilikuwa zee, lisiloweza kukimbia hata likitaka. Kumwiga baba peke yake hakukutosha.

Kilichonisaidia ni kandambili yangu. Nilikuwa nimeivua kwa sababu kulikuwa na kitu kinanichoma kisigino tangu asubuhi, na nilipoigeuza nikakuta mwiba wa mgunga umepenya soli yote, mweupe, mrefu kama sindano ya kushonea magunia.

Wageni hawalijui hili. Kwetu alizeti ikishatoka shambani, ng'ombe huingizwa kula mabua, na huo ndio wakati watu wanakarabati maboma. Hukata matawi ya miiba porini, huyafunga kwa mnyororo nyuma ya jozi ya maksai, na kuyaburuta mpaka nyumbani. Wanapita njia ile ile ya tela, kwa kuwa ndiyo pana. Kila tawi huacha miiba yake njiani. Hakuna anayemlaumu mwenzake, kila mtu ana boma. Mjomba mwenyewe huburuta. Kwa hiyo wakati alizeti inakwenda mashineni ndio wakati njia ina miiba kuliko wakati wowote, na miiba mingine husimama kwenye kingo za nyayo za magurudumu, ikisubiri si meno ya tairi bali ubavu.

"Waya likichomwa ubavuni, unaziba?" nikamuuliza fundi.

Akatingisha kichwa. "Kwenye meno naziba. Ubavuni, nikiziba leo, kesho linafungua palepale. Ubavu wa waya unacheza kila linapozunguka."

"Na nailoni?"

"Mwiba mpaka upite tabaka zote hizo, ni mwiba wa bahati."

"Nipe nailoni."

Dereva akashika kiuno. "Msikilizeni huyu. Kesho akichomwa na nyuki atafunga trekta chandarua."

"Njia yetu hujaiona," nikamwambia.

"Na wewe lami hujaiona nikiendesha."

Hapo alisema kweli. Wakati fundi akipachika matairi, nikamuuliza nifanye nini kwenye lami. Akaniambia nailoni likiwa na mzigo lisikimbizwe, na kila baada ya mwendo lisimame, nishuke, niliguse kwa mgongo wa mkono. Nikiweza kuuacha mkono pale, twende. Nikishindwa, tusubiri lipoe lenyewe kivulini, nisidanganyike kupunguza upepo eti limevimba.

Ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi nilikaa juu ya magunia na sufuria mbovu na kijiti. Nikipiga sufuria, dereva anasimama. Mara ya kwanza alidhani ninaanguka. Mara ya pili alijua, akaanza maneno.

"Haya, daktari. Homa ngapi?"

"Bado kidogo."

"Mpe dawa. Au tumlaze hapa tumwekee dripu?"

Watu wa vijiji tulivyopita walimfuata kwa kicheko. Wakaanza kuniita daktari wa matairi. Wanawake waliokuwa wakitwanga walisimamisha michi yao waone nikishuka, ninaligusa tairi kama paji la uso, napanda tena. Sikucheka nao wala sikukasirika. Nilikuwa nahesabu safari zilizobaki kabla wakubwa hawajafika, na kila jioni nilipoingia nyumbani na unga na dagaa, wadogo zangu walinitazama usoni kwanza, kisha kwenye mfuko.

Mjomba alituma ujumbe kwamba watakuja siku ya gulio. Nilitaka siku hiyo niwe nyumbani, chungu kiko jikoni, uwanja umefagiliwa. Lakini dereva alisema mzigo wa siku hiyo ni mkubwa na tukiukataa utachukuliwa na tela la jirani, na wenye magunia wakishahama hawarudi. Nikamwambia mdogo wangu anayenifuata, "Watakapokuja, wapikie. Waambie nakuja. Usikubali kupanda gari lolote kabla sijafika."

"Wakinilazimisha?"

"Shika nguzo ya nyumba."

Akacheka. Mimi sikuwa nimetania.

Tuliondoka na upepo wa kipupwe, ule unaopasua midomo. Kabla ya kufika lami tukakuta tela la jirani limelala katikati ya njia. Lilikuwa na matairi ya waya, mazuri, mapya kuliko yangu. Tairi moja lilikuwa limechomwa ubavuni, upepo umekwisha, mzigo umeinama, na magunia matatu yamemwagika kwenye mchanga. Trekta lake lilikuwa limeshafunguliwa kwenda kutafuta tairi, na jirani alikuwa amepiga magoti anakusanya mbegu kwa viganja. Hakuna nafasi ya kupita. Kushoto korongo, kulia boma la mtu.

Ningeweza kusema nilifurahi kuwa nilichagua sawa. Sikufurahi. Nilichoona ni jua linapanda na njia imezibwa. Tulishuka sote tukampakulia magunia yake, tukalisukuma tela lake mpaka likagusa boma, tukampakia tena kiasi asiibiwe. Dereva hakutania hata mara moja, jambo lililoniogopesha. Tulipopanda tena, jua lilikuwa linakaribia utosini.

Kwenye lami akakanyaga.

Nilipiga sufuria. Hakusimama. Nikapiga tena, nikapiga mpaka kijiti kikavunjika. Tela lilikuwa linaunguruma chini yangu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na harufu ya mpira ikapanda mpaka juu ya magunia. Nikavua kandambili moja nikamrushia, ikapita pembeni. Ya pili ikampiga kisogoni.

Alisimama kwa nguvu mpaka magunia yakanisukuma. Nilishuka peku. Nilipogusa tairi la kulia sikuweza kuuacha mkono hata kidogo. Niliuondoa kama kwenye kikaango.

"Panda!" dereva akapiga kelele. "Mashine zitajaa foleni, tutalala huko!"

"Linachemka."

"Nilikwambia siku ile! Nilikwambia litachemka! Wewe si ulitaka nailoni?"

"Nilitaka nailoni twende nalo taratibu."

"Panda, au naondoka."

Nikaenda mbele ya trekta nikakaa kwenye lami, miguu nimeikunja. Sikufikiri. Kama ningefikiri ningepanda, kwa sababu hakuna mtu aliyetaka kufika haraka siku ile kuliko mimi. Mabasi yaliyopita yalipiga honi. Konda mmoja alitoa kichwa dirishani: "Bibi harusi, bwana harusi amekwishakimbia!" Dereva alizima injini, akashuka, akaja kusimama mbele yangu.

"Una kichaa wewe?"

Nikamwambia. Sikuwa nimemwambia kabla ya hapo, alijua tu kwamba mimi ni yatima na nina haraka ya kazi. Nikamwambia kwamba saa ile wakubwa wako nyumbani, na mdogo wangu atapelekwa Sekenke kama hawataniona nikirudi na kitu.

Akajikuna kisogo. "Sasa si ungenihimiza nikimbie?"

"Likipasuka, leo sifiki. Na kesho hakuna tela. Na kesho kutwa hakuna. Watamchukua huyu, kisha watamchukua na yule."

Akatema mate pembeni. Akaenda kukaa upande wa kivuli wa tela, mgongo kwenye gurudumu la kushoto ambalo halikuwa limechemka sana. Ule muda wa kusubiri tairi lipoe ulikuwa mrefu kuliko matanga yote mawili. Nililigusa, nikarudi kukaa. Nililigusa tena. Kila nilipofumba macho niliona mikono miwili midogo imeshika nguzo, na mikono iliyoungua mafuta inaifungua kidole kimoja kimoja. Nilisali kwa maneno ya mama, nikakosea katikati, nikaanza upya. Kuna wakati nilimwambia Mungu achukue tela, kisha nikaogopa asije akanisikia.

Mkono ulipokaa, tukaondoka. Alikwenda polepole, polepole kiasi kwamba mwenye baiskeli alitupita akatupungia. Tukashusha mzigo, dereva akagombana na wenye foleni kwa niaba yangu akanipatia zamu, nikanunua unga, nikapewa dumu dogo la mafuta na mfuko wa mashudu. Tulirudi tela tupu, na tela tupu tairi halichemki, kwa hiyo nikamwacha akanyage.

Jua lilikuwa bado juu ya vilima tulipoingia uani. Mjomba alikuwa kwenye kiti, amevaa koti. Shangazi alikuwa amesimama, mkoba begani. Na mdogo wangu alikuwa amevaa gauni la kanisani, nywele amezilainisha kwa maji, na kifurushi kiko miguuni pake. Hakuwa ameshika nguzo.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," wakaitikia. Mjomba akaongeza, "Gari la mwisho la kwenda Misigiri, la kumfikisha njia ya Sekenke, limepita. Shangazi yako amelikosa kwa kuwa mtoto alisema lazima akuage."

Nikashusha unga, dumu, mashudu, nikavipanga mbele yake kimoja kimoja. Mjomba akainuka akalizunguka tela. Akapiga tairi teke, akatazama ubavu wake uliojaa mikwaruzo ya miiba ambayo haikupita. Akasema kitu kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, ambacho maana yake ni kama kusema kazi imeonekana. Kisha akauliza, "Na trekta likiondoka?"

"Nitalima vibarua mpaka lirudi."

"Watatu mle kibarua?"

Hapo ndipo mdogo wangu akasema. Hakunitazama. "Dada, acha niende. Nimemwambia shangazi nakwenda mwenyewe. Mkibaki wawili unga utatosha. Wewe umechoka, hata viatu huna."

Nilijiandaa kupambana na mjomba, na shangazi, na dereva, na lami. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nikashika ubao wa tela. Kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi. Wawili ungetosha. Nilikuwa nimeshaipiga hesabu hiyo hiyo, kila usiku, nikaificha.

"Nani amekuuliza?" nikasema.

"Dada..."

"Vua gauni la kanisani. Kesho shule."

"Dada, sikiliza kwanza..."

"Nimesema vua. Hutapunguzwa hapa kama maji kwenye ndoo."

Akaanza kulia, kwa hasira, akaingia ndani na kifurushi. Yule mdogo wa mwisho akamfuata mbio akiwa amekumbatia mfuko wa mashudu, sijui kwa nini mashudu. Mjomba alikaa tena kwenye kiti. Akafungua koti.

"Basi tuleteeni maji ya kunawa," akasema. "Msimu ujao tutakaa tena."

"Na nikishindwa kabla ya msimu?" nikauliza. Nilitaka kujua ukomo uko wapi.

"Kabla ya msimu ni wewe na Mungu wako."

Shangazi alilala kwetu. Asubuhi nilimsindikiza mpaka kituoni, nikambebea mkoba. Nilimpa chupa ya mafuta kutoka kwenye dumu, akaipokea kwa mikono miwili, akainusa, akaifunga kwenye khanga. Aliitazama miguu yangu, peku kwenye vumbi la baridi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani naye hakulala.

"Mpaka jana nilijua nimepata mtu wa kunisaidia," akasema. "Sasa sina. Nisikilize. Ukiona unashindwa, usisubiri kikao. Usimsubiri mjomba wako. Mlete huyo mdogo wako, wewe mwenyewe, mapema, kabla hajakonda."

Gari lilikuwa linakuja, taa zake bado zinawaka. Nilikuwa nimeshaamua, tangu alipokuwa akisema, kwamba sitampeleka. Nikaitikia, "Ndiyo, shangazi," kwa sababu mtu mzima hajibiwi vinginevyo, nikamshika mkono akapanda.